Vitu Kumi vya Lazima

Kwandu aliniandikia orodha kwa kalamu nyekundu
nyuma ya stakabadhi ya mizani:
vitu kumi vya lazima kabatini.
Sina kabati. Nina kamba,
misumari sita ukutani, na sanduku la bati
lililovuka na mama kutoka Ukerewe.
Lakini nilitaka kuwa mtu
ambaye nguo zake zinamjua.

Alfajiri nikashuka Mlango Mmoja.
Belo linakatwa, mikono inazama,
nami nasimama pembeni, naita majina kama mwalimu wa zamu.
Shati jeupe. Lipo.
Suruali nyeusi iliyonyooka. Ipo, inanuka nchi za baridi.
Gauni dogo jeusi. Lipo, na ni dogo kweli.
Koti refu, rangi ya mchanga.
Ngolo muuzaji akacheka hadi akakaa:
"Dada, haya tunawauzia walinzi wa usiku."

Nikalipa.
Nikapanda Mabatini jiwe kwa jiwe,
namba tano, viatu vya kisigino, nimevishika mkononi.

Jumatatu shati jeupe likaenda kazini Mwaloni.
Upepo ukageuka. Wingu la usubi likanyanyuka ziwani,
likaona weupe ule, likadhani taa.
Kufikia saa nne nilikuwa na madoa yenye mabawa,
na wapakiaji wa dagaa wananiuliza
ubatizo ni saa ngapi.

Orodha sikuichana.
Niligeuza upande wenye kilo na shilingi,
nikawa naandika pembezoni, kila usiku,
nilichovaa kweli,
na kama siku hiyo nilitembea au nilijificha.

Shati la kiume la haradali,
vifungo vinne vyake, kimoja cha kuazima: mara kumi na moja.
Sketi ya kijani, mfuko wake unameza daftari zima: mara tisa.
Raba za bluu zinazolijua jabali: usiulize.
Suruali nyeusi: mara saba. Haya, hapo walisema kweli.
Koti: mara moja,
juu ya ndoo ya unga, paa lilipovuja.

Mwezi ulipoisha nikamwona mtu
kati ya kilo na shilingi,
mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni.
Kumbe nilikuwa namtafuta ndani ya belo
naye yuko kambani, anakauka.

Jumapili Kwandu akaja kukagua.
"Umetimiza vingapi?"
Kimoja, nikasema. Na nusu, ukihesabu ndoo.
Akanitazama, chini hadi juu, kimya kirefu.
"Na hiyo haradali,
umeipata wapi?"
Akatoa kalamu.