Nafasi Nne za Kushoto

Nilidhani ni kazi ya alasiri moja.
Lugha yetu ilikuwa na mwaka na nusu,
ilishajua kujumlisha, kurudia, kukataa,
ila tungo zake zilikaa mstari mmoja tu:
nukuu ikifunguka, sharti ifungwe kabla ya kushuka chini,
kama mtu aliyekatazwa kupumua kabla hajamaliza sentensi.

Tartu, Desemba. Saa tisa alasiri, giza limeshabisha hodi.
Vaike amekalia kipasha joto, buti zake zachuruzika.
Anasema: nukuu tatu. Tatu kufungua, tatu kufunga,
katikati mwacheni mwandishi aandike apendavyo.
Taavet, asiyekubali jambo kabla ya kahawa ya pili,
anauliza: na akitaka kuandika nukuu tatu zenyewe?
Basi nne.
Na akitaka nne?
Vaike anamtazama vile anavyotazamwa mtoto
anayeuliza nyuma ya mbingu kuna nini.

Tukaandika: tatu au zaidi;
zinazofunga zilingane na zilizofungua.
Nikavaa koti. Nilijua tumemaliza.

Lakini msimbo huingia ndani, hatua kwa hatua,
sharti ndani ya sharti,
na tungo iliyomo huburutwa nao kwenda kulia.
Nafasi nne tupu mwanzoni mwa mstari:
ni za nani?
Za nyumba, au za mgeni?
Mimi, kwa haraka ya mtu mwenye njaa,
niliandika kanuni: za kushoto zote zifagiliwe.
Utupu hauna mwenyewe, nilisema.
Walicheka. Tukatoa toleo.

Wiki ya tatu ikaja bahasha kutoka Viljandi.
Ndani, glavu moja ya sufu, nyekundu na nyeupe,
na barua ya Maimu Kroonberg,
anayefuma kwa mashine inayosoma lugha yetu:

    Ndugu waundaji,
      katika michoro yangu nafasi tupu ni uzi mweupe.
          Nyota huanzia nafasi ya tano.
    Tafadhali mmoja wenu aivae.

Niliivaa. Nyota ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto,
pembe zake zimebanwa kama abiria wa lifti,
na kidole gumba kimehamia kwa kidole cha mwisho.
Mkono wangu humo ndani ulikuwa kosa la tahajia.

Hakuna aliyecheka. Vaike aliipindua ndani nje,
akahesabu mafundo kwa ncha ya kalamu.
Mweupe nao ni uzi, akasema.
Unanunuliwa dukani.

Taavet akatoa lake: kila mstari uanze na kijiti,
wima; cha kulia kwake ni cha tungo,
cha kushoto ni chetu. Hakuna kukisia.
Kweli. Safi. Lakini nikamwona Maimu
akibandika mchoro wa mistari mia mbili na arobaini,
kisha akipanda kijiti kimoja kimoja
kama anayejenga uzio kwenye theluji.

Tuligombana hadi mlinzi akazima taa za korido.
Ni gizani, skrini tu ikiwaka,
tulipotazama pale ambapo hatukuwa tumetazama:
nukuu za kufunga, pweke kwenye mstari wa mwisho,
hazina kazi ila kusema basi.
Zipewe kazi.
Zinaposimama, hapo ndipo pambizo;
cha kushoto kwake kifutwe, cha kulia kisiguswe
hata kiwe utupu mtupu.
Wa mwisho kuingia ndiye apimaye chumba.

Na mstari ukithubutu kuanza kabla ya pambizo?
Kosa, alisema Taavet, ila lisemwe kwa adabu:
namba ya mstari, na nafasi ngapi zimepungua.
Na anayechanganya tabo na nafasi?
Hapo tulinyamaza wote watatu.
Bado tumenyamaza. Kuna kikao Jumanne.

Maimu alituma glavu ya pili, ya mkono wa kulia.
Nyota imekaa katikati, imenyoosha miguu.
Nazivaa zote mbili nikivuka daraja la Emajõgi,
mkono mmoja sahihi, mmoja wa toleo la kwanza,
na gumba langu la kushoto
    bado linatafuta mlango wake.