Mkunjo

Karatasi hii haipendi gundi.
Ipake hata tone moja la utomvu wa mkorosho,
doa litabaki katikati ya "Hongera"
kama mgeni aliyeingia sebuleni na tope.
Kwa hiyo naishona.
Sindano nyembamba, uzi wa dukani kwa Nampota,
mishono mitatu kwenye uti, fundo kwa ndani.

Wateja huuliza, "Hii nini, nailoni?"
Nawaonyesha dirisha.
Asubuhi ya Newala, ukungu ukipanda kutoka Shimo la Mungu,
nyumba ya jirani huwa karatasi hii hii:
unaiona, huioni,
unasikia tu dumu likigonga ukingo wa tangi.

Baba alikuwa mchora ramani, ofisi ya ardhi.
Alistaafu na bahasha, na bunda moja la karatasi angavu
alilolificha darini ndani ya bomba la plastiki.
Panya walijaribu, wakashindwa.
Alipokufa Binasa alichukua cherehani,
mimi bunda.
Mikorosho ndiyo iliyotushinda.

Miaka sita
kwa mikorosho kumi na minane.
Kumi na tisa, husema yeye;
huhesabu na ule ulioungua.

Nimewatengenezea kadi watu wote.
Mwali wa Bi Esha alipotoka unyagoni,
nilimpa jani nililokausha ndani ya daftari la chama cha msingi,
mishipa yake ikionekana kwa chini kama ya mkono wa mtoto.
Mwalimu Chitanda, anastaafu, wenzake walitaka "Pumzika kwa amani".
Nikawaambia, jamani, bado anakula.
Na za Idi, ishirini na tano, elfu moja mia tano kila moja:
mwezi nauchora kwenye karatasi ya chini,
halafu naufunika,
uandame polepole kwa kila anayefungua.

Wino juu yake hauna haraka.
Nanawa, najifuta, maana kidole kina mafuta
na karatasi hii haisahau aliyeishika.
Kisha nakaa.
Wino nimeuvumilia kuliko nilivyomvumilia dada.

Jana nilifika mwisho wa bunda.
Jani la mwisho halikuwa tupu.
Penseli ngumu ya baba, vitone vya miti,
kila kimoja na kiduara chake,
na katikati, kwa rula,
mpaka.
Nikatafuta miwani. Nikatafuta simu,
nimpigie mwenyekiti wa baraza akiwa bado hajalala.
Halafu nikahesabu.

Kumi na tisa. Yote ng'ambo ya mstari.
Kwa Binasa.

Nikaligeuza jani.
Kwa nyuma, miti yote ikahamia kwangu.
Ndio ubaya wa karatasi inayoonekana pande mbili:
inakuruhusu.
Nilikaa hivyo muda mrefu, jani limegeuka,
tajiri wa mikorosho kumi na tisa,
maandishi ya baba yakisomeka kinyume.
Jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Hakuna aliyejua.

Nikachukua kijiko.
Kwa mgongo wake nikaburuza juu ya mpaka,
taratibu, mara mbili, ili lisipasuke,
nikalikunja.
Karatasi hii ukiikunja hutoa mstari mweupe usiofutika;
penseli ikapotelea humo.
Miti yake ikalala juu ya yangu,
vitone juu ya vitone, vingine vikikaribiana tu,
sikuweza tena kusema upi ni wa nani
bila kufungua.

Mishono mitatu. Fundo kwa ndani.

Maneno yalikataa hadi jogoo wa pili.
Nilianza na shikamoo, nikaona ni ya woga.
Nilianza na samahani, nikaona imechelewa.
Mwishowe niliandika:
"Binasa, hesabu yako ni sahihi.
Hata ule ulioungua baba aliuchora."

Kijana wa bodaboda wa Kitangari anapiga honi nje.
Namwambia asubiri kidogo,
"w" ya mwisho,
hapana, "a",
bado mbichi.