Bila Dalali

Baba aliijua saa ya maji ya kila nyumba ya Hatibagan:
hapa yanafunguliwa saa kumi na mbili kamili,
pale ni matone tu mpaka mama wa ghorofa ya chini amalize kufua.
Aliijua dari inayolia Julai, na ile inayosubiri Agosti.
Alimjua mwenye nyumba asiyetaka mpangaji wa kukaanga samaki,
na yule anayesema hataki,
lakini ukimpelekea kipande Jumapili
anaisahau kodi hadi Jumatano.

Hayo hayakuandikwa popote.
Daftari lake la kitambaa chekundu lilibeba majina na namba tu;
mengine aliyahifadhi shavuni, pamoja na tambuu.

Kisha ukaja mtandao na vyumba vyake vyenye mwanga.
Nakiri, mimi ndiye niliyevipiga picha.
Lenzi pana, mgongo kwenye pembe, magoti sakafuni,
chumba cha futi tisa kikawa uwanja.
Doa la unyevu nililifunika kwa pazia la kuazima.
Na chini ya kila picha, kwa kijani, kama cheti cha afya:
BILA DALALI.

Baba aliisoma alama ile kwa miwani, kisha bila miwani.
"Wameandika kama vile *bila panya*," akasema,
akarudi kwenye chai yake.

Sisemi walimwonea.
Kodi ya mwezi mzima, malipo ya kugeuza ufunguo!
Nilimwona akimzungusha mwalimu mgeni
nyumba tatu mbovu asubuhi
ili ya nne ionekane kasri.
Nilimwona akila huku na kule,
na bado viatu vyake vikaingia maji.
Siku hizi mwalimu wa aina ile amelala kitandani kwao Silchar,
anapita vyumba arobaini kwa kidole gumba,
wala hana haja ya kumdanganya mtu, "Nitafikiria."

Simu ya baba ilinyamaza tangu sikukuu ya Durga hadi baridi.
Akawa anaichaji hata ikiwa imejaa.

Usiku mmoja wa Januari aliniita, akafunga mlango
kama mtu anayekuja kukopa.
"Mitali. Niweke humo."

Fomu ikauliza: Wewe ni nani?
Viduara viwili.
Dalali.
Mwenye nyumba.

"Ukibonyeza cha kwanza," nikamwambia, "hakuna atakayepiga."

Akakitazama chumba chetu,
tulichopanga kwa mjane Mitra miaka thelathini na mmoja:
ndoano ya feni iliyopinda,
dirisha tusiloruhusiwa kulipaka rangi,
msumari alioupigilia mama kwa kuomba ruhusa ya maandishi.
Kidole chake kikasita hewani, kama cha mtu
anayetafuta kengele ya mlango asiowahi kuugonga.
Kikashuka.
Cha pili.

Kulipokucha, kabla ya maji, simu saba.
Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa Siliguri, sauti ya usingizi:
"Samahani, naongea na mwenye nyumba?"

Baba yangu ameingiza watu kwenye nyumba mia sita
na hajawahi kumiliki tofali la kuzuilia mlango.
Akafunga kifungo cha juu cha shati,
ingawa hapakuwa na wa kumwona ila mimi,
nami nilikuwa nimeshageuza uso.

"Naam," akasema. "Ni mimi."

Kimya kidogo.
Halafu, kwa kuwa ulimi haustaafu:
"Lakini usiziamini picha, binti yangu.
Ile dari, mwezi wa saba, utahitaji ndoo.
Njoo uone mwenyewe. Njoo mapema,
kabla ya saa kumi na mbili,
usikilize bomba."