Maziwa ya Leo

Mwezi wa saba hapa Gobi, na wingu halijatia neno.
Nyasi zimebaki fupi, kavu, kama ndevu za siku tatu,
na msaksauli, mti usio na jani la kujisifia,
umeficha maji chini ya gome lake, bahili kwelikweli.

Dulamsuren hatazami mbingu.
Mbingu, asema, zilimdanganya mama yake kabla yake.
Yeye hungoja mbuzi warudi,
akakamua, akaonja kwa ncha ya kidole.

Juzi: chumvi, na uchungu wa pakanga.
Jana: vumbi.

Leo ameonja, akanyamaza. Ameonja tena.

Kitunguu mwitu!
Kile chembamba kama sindano,
kisichochipua ila mvua imekitangulia kwa siku chache,
kimeingia kwenye maziwa bila kubisha hodi.

“Uliwalisha wapi?” amuuliza Ganzorig.
Mtoto anyoosha mkono kusini, ng’ambo ya vilima vyekundu,
kulikonyesha nasi tusisikie hata ngurumo.

Hajibu kitu.
Anafuta kidole kwenye pindo la vazi,
anaanza kulegeza kamba za hema.