Upanga wa Laki na Nusu

Niliununua kwa Mjerumani aliyekuwa anahama Shanty Town.
Friji, godoro, jozi nne za viatu vya mlima,
na huu, ukutani, juu ya swichi ya taa:
upanga wa mfano, wa zile enzi za kwao
wanaume walipovaa sufuria mwili mzima
wakapanda farasi.

Laki na nusu.
Ndeskoi hakusema kitu. Alihesabu tu kwa vidole
akaishia kwenye kile cha ada ya shule,
akakiacha kimesimama.

Makali haukuwa nayo. Ulikuwa butu kama kijiko.
Kwa hiyo Alhamisi nikauviringisha kwenye shuka
nikashuka nao Mbuyuni, kwa Aikaruwa,
binti mwenye baiskeli isiyokwenda popote:
anakanyaga pedali, jiwe linazunguka
mahali palipopaswa kuwa na usukani.

Foleni ilikuwepo.
Muuza bucha wa Kiboriloni, visu vitatu.
Mama mmoja, mundu kwenye gazeti.
Fundi cherehani na mkasi wake, anaupuliza
kama chai ya moto.
Shuka ilipoteleza wakacheka mpaka jiwe likasimama.
"Goliathi amerudi?" akauliza muuza bucha.
"Mbona hatukuambiwa?"

Aikaruwa hakucheka.
Aliugonga kwa ukucha, akasogeza sikio
kama anayesikiliza tumbo la mtoto.
"Chuma cha pua," akasema. "Laini.
Huu ulizaliwa kutazamwa.
Wa kukata nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa bei, si kwa swali.
Akanieleza, mguu bado kwenye pedali:
kisu cha nyama unakilaza,
mundu unauinua,
kila makali na pembe yake,
na pembe inatoka kwenye kazi.
"Sasa huu niulaze au niuinue?"

"Ndafu," nikasema. "Dada yangu anaolewa Jumamosi."
Uongo ulionitoka ukageuka mpango
kabla sijafunga mdomo.

"Pande mbili, elfu kumi.
Ila kesho kutwa utakuwa umesahau nilichoufundisha."

Cheche zikamwagika kwenye kandambili zake.
Kopo lenye tundu la msumari likadondosha maji, tone, tone.
Yale maandishi ya bapani, ya lugha
ambayo mimi na yeye hatuijui,
yakalika nusu.
Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake.
Zikaanguka. Nikajisikia mrefu.

Jumamosi, ukumbini Rau,
mshereheshaji aliunadi kama mgeni rasmi.
Mbuzi amesimama kwenye meza, majani mdomoni,
ametulia kuliko bwana harusi.
Nikainua mikono yote miwili.

Ngozi ilikubali. Ilikatika kama siagi, nawaapia.
Halafu mfupa.
Makali yakajikunja kama kona ya daftari,
mpini ukacheza, skrubu moja ikaruka
ikaingia kwenye kachumbari,
na muziki, sijui kwa nini, ukazimwa.

Mwenye kisu kikali ndiye ala nyama.
Mimi nilikuwa na upanga, na ala yake.

Shangazi Ndeanasia akainuka na kisu cha jikoni kwake,
kilichonolewa miaka ishirini na baba yake Aikaruwa,
kikalika kikalika kikabaki
chembamba kama unyoya wa kuku.
Hakukiinua. Alikitembeza tu, akitafuta viungo,
na mbuzi akaachana kimyakimya
kama watu waliokubaliana.

Skrubu ilipatikana kwenye sahani ya baba mkwe.

Upanga uko ukutani, sebuleni,
kona yake iliyojikunja imegeuziwa ukuta.
Wageni wanauliza. Ndeskoi ndiye anayewajibu,
na kila mara hadithi inarefuka.

Jumatatu nilifungua droo ya jikoni
ambayo kwa miaka tisa sikuwahi kuitazama.
Visu vitatu. Kimoja mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Sikujua nani alikifunga.
Nikashuka navyo Mbuyuni, nikapanga foleni
nyuma ya mtu mwenye jembe.

Safari hii Aikaruwa hakuniuliza
vya kukata nini.