Elfu Nane, Mia Moja Tisini na Mbili

Ziko mbili mezani, afisi ya ushirika wa maziwa,
Luanda, ghorofa ya juu ya duka la mbolea,
harufu ya DAP ikipanda ngazi bila kupiga hodi.

Ya kwanza ni kompyuta ya kawaida, ina mwezi mmoja tu kazini:
viini sita, gigahazi nne na nusu,
feni yake huisikii hata ukiiinamia.
Ya pili ni seva. Tuliinunua mnadani Kisumu
benki fulani ilipohama jengo:
prosesa mbili, viini ishirini na vinne,
kila kimoja gigahazi mbili na chenji.
Opondo na Ambani waliipandisha ngazi
wakilaumiana kila kidato.
Ikiwashwa hupiga yowe. Paka wa muuza mbolea
hajaonekana tangu Jumanne.

Mwenyekiti Shisanya anataka neno moja:
ipi ina mbio?
Namwuliza, mzee, utakama kwa kikombe au kwa pipa?
Hacheki.

Basi nikapima.
Hesabu ya mwanachama mmoja, lita zake za mwezi,
makato ya dawa ya kupe, mkopo, salio:
ile ndogo ilimaliza kidole changu kingali kwenye kitufe.
Seva ilijikuna kwanza.
Nikaandika: ndogo, mara mbili na zaidi.

Kisha nikawaita wote, elfu sita mia tatu,
kuanzia Emuhaya hadi mpakani Maseno,
na makarani kumi na wanane wakibonyeza pamoja
kama inavyokuwa tarehe tano.
Ndogo ikaanza kuhema.
Ilipofika nyuzi joto tisini na moja ikapunguza mwendo,
isije ikajichoma.
Seva haikubadili sauti.
Iliimaliza orodha kama siafu na panzi:
humwoni anayekimbia,
na panzi hayupo.

Lakini tokeni za stima!
Za wiki mbili ziliisha siku ya nne,
mweka hazina akaja kusimama mlangoni,
mikono kiunoni, hasemi kitu.

Ningeishia hapo. Mbio huku, nguvu kule, bili katikati.
Ila kuna Rosebela Khavugwi wa Esibuye,
ng'ombe mmoja, salio elfu nne, mia moja na ishirini,
aliyelipwa mwezi uliopita
elfu kumi na mbili, mia tatu na kumi na mbili.

Walimsimamisha karani, Nanjala.
Walisema ni shangazi yake. Si shangazi yake.

Usiku wa vipimo nikatoa hii kwenye ile
nikapata elfu nane, mia moja tisini na mbili kamili,
nikaweka kalamu chini.
Wa kazi hii huijua namba hiyo kama mlango wa kwao:
ni moja, irudufishe mara kumi na tatu.
Mwizi gani huiba kwa hesabu hiyo?
Ni biti moja, sifuri iliyogeuka moja
ndani ya kumbukumbu, labda kwa joto,
labda kwa radi ya saa tisa, sijui,
na prosesa ile ndogo, yenye mbio zake zote,
haikuumbwa kuuliza mara mbili.
Seva huuliza. Kwa kila biti nane
hulipia ya tisa, isiyobeba mzigo,
kazi yake kukumbuka wenzake walikuwaje.
Ndiyo maana kidogo inachelewa.

Nikaieleza kamati.
Mmoja akauliza huyo Biti ni mwanachama namba ngapi.

Khavugwi amekwisha nunua mashine ya kukatia majani
na hataki kusikia habari za radi.
Ripoti yangu ina safu tano: kasi, viini, joto, stima, bei.
Nimechora ya sita kwa rula. Bado sijui niiite nini.

Mvua imeshika mabati. Seva inapiga yowe lake.
Nampigia Nanjala simu, napaza sauti,
naanza na ile namba.
Ananikatiza: mbona kelele, uko kwenye kinu cha posho?
Karibu, namwambia. Karibu hivyo.
Sikiliza.