Kiazi Kisicho na Jicho

Sakitu imepita Cēsis usiku wa kuamkia leo.
Dalia zimesimama nyeusi, kama zilizomwagiwa maji ya moto.
Nimekata mashina, nimefukua kwa uma,
nakung'uta udongo taratibu: shingo ya kiazi ikivunjika
haina mganga.

Mwaka nilioolewa, mavyaa Skaidrīte
alinichagulia kiazi kinono kuliko vyote.
Nikakifukia mwezi wa tano, nikakimwagilia hadi wa tisa.
Kimya.
"Mkono wako mzito," akasema, akinimiminia chai.

Miaka sita baadaye ndipo jirani aliponionyesha:
jicho hukaa shingoni, dogo kama chunusi;
kiazi kisicho nalo ni karamu ya panya.
Na Skaidrīte alijua. Siku ile alivaa miwani.

Leo Zane, mchumba wa mwanangu, yuko mlangoni,
viatu vyake vyeupe havijui tope.
Juu ya gazeti, vipande viwili:
kimoja kinono, kipofu;
kingine chembamba kama kidole cha mgonjwa,
kina macho mawili.

Nimemfungia hicho chembamba ndani ya vumbi la mbao.
Kile kinono nimekitia mfukoni.
Sijui kwa nini sijakitupa.